Simu ya Usiku wa Manane na Kazi ya Mpwa Wangu

Katika mambo ambayo mjomba wa Kipemba hawezi kuyakwepa ni kuitwa kwenye shauri la mpwa wake. Awe msomi au mkulima wa muhogo, siku yake ikifika atavaa kanzu, atakwenda, atakaa mkekani na atatakiwa kusema neno. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti hapa Mgogoni. Kazi yangu ni kuandika kumbukumbu za vikao, kutunza daftari la michango na kuangalia kipaza sauti kisife siku ya Ijumaa. Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliniletea salamu kuwa nifike kwake baada ya sala ya Alasiri, kwani mwanawe amekuja kutoka Unguja na kuna jambo la kuamuliwa.

Jambo lenyewe ni hili. Binti huyo, ambaye alisoma sheria na sharia pale Tunguu, ni mwanasheria wa serikali. Huu ni mwaka wake wa tatu katika kitengo cha sheria cha ofisi moja ya umma, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kanuni za mawasiliano ya dharura: namba ambazo mtu hupiga akiwa hatarini, wajibu wa mwenye mtandao wa simu, tahadhari zinazotumwa kwa wananchi, na nani amjibu nani saa ya msiba. Sasa kampuni moja ya binafsi ya Dar es Salaam imemtaka, kwa mshahara unaokaribia mara tatu ya anaoupata. Baba yake anataka aende. Yeye mwenyewe hataki, ila pia hataki kubaki bila ya radhi ya mzee wake. Ndipo nilipohitajiwa.

Shemeji yangu alikuwa nahodha wa dau kwa zaidi ya miaka 30, na si mtu wa maneno mengi. Hoja zake zilikuwa tatu. Ya kwanza ni nyumba, ambayo kuta zake zimesimama tangu mvua za masika ya mwaka juzi na bado haijaezekwa. Sikuweza kumpinga, kwa sababu tulikuwa tumekaa mbele ya kuta hizo hizo. Ya pili aliisema kwa kejeli kidogo: "Shemeji, wewe ni mtu wa elimu. Hebu niambie, mwanasheria ambaye hajasimama mbele ya hakimu hata siku moja ni mwanasheria wa namna gani? Watu wananiuliza barazani, mwanao anatetea nani? Nashindwa la kuwajibu." Hoja ya tatu aliitoa kwa sauti ya chini, akiangalia mlangoni: "Tena hao ndio wanaosikiliza simu za watu."

Kabla sijaeleza nilivyomjibu, naomba msomaji aniruhusu nieleze kwa nini shauri hili lilikuwa zito katika nyumba ile kuliko katika nyumba nyingine yoyote ya kijiji chetu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kuja Pemba. Ulikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, watu wengi walikuwa wakirejea makwao baada ya Ramadhani na sikukuu. Chombo kile kiliruhusiwa kubeba watu wasiozidi 700. Tume iliyoundwa kuchunguza ilikuta kuwa waliopakiwa walizidi 2,000. Kilizama katika mkondo wa Nungwi baada ya saa sita za usiku. Miongoni mwa waliowahi kuokoa watu ni wavuvi na wenye boti binafsi wa upande wa Nungwi, na wapo walionusurika kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa yakielea. Hakuna shehia kubwa Pemba ambayo haikupoteza mtu. Wengi hawakuonekana tena, na sala ya ghaibu ndiyo iliyokuwa maziko yao.

Mdogo wake shemeji yangu alikuwamo. Alimpigia simu kaka yake usiku ule. Mpwa wangu alikuwa na miaka 12 na alilala chumba cha pili; alisikia simu ikiita, akamsikia baba yake akisema, "Uko upande gani? Upande gani wa chombo?" kisha akamsikia akirudia jina la mdogo wake mara nyingi. Fikiria, ewe msomaji, hali ya mtu yule. Ni nahodha anayejua bahari ile kama anavyojua uwanja wa nyumba yake, ana chombo pwani, na simu ya anayezama iko sikioni mwake. Lakini kutoka pwani ya kwetu hadi Nungwi kwa dau ni mwendo ambao usingemfaa kitu aliyekwisha kuingia majini. Akatafuta katika simu yake namba ya mtu yeyote aliye karibu na Nungwi. Akapata moja, ikaita mpaka ikakatika. Namba ya dharura hakuwa nayo, wala hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ipo.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Kiislamu wakati huo. Nilirudi kijijini siku ya pili yake, nikamkuta amekaa nje, simu ameiweka juu ya kizingiti kama mtu aliyeweka kitu asichokitaka tena. Basi ilichukua muda kabla ya kuelewa kwamba anapomwambia binti yake aache kazi ile, hazungumzii mshahara pekee. Anaona kuwa mwanawe amekwenda kukaa na makaratasi juu ya jambo ambalo yeye aliliona kwa macho yake kuwa halina karatasi.

Nilianza na hoja ya pili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na elimu yangu. Nilimkumbusha juu ya Imamu al-Mawardi, kadhi mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia. Katika kitabu chake cha hukumu za utawala, al-Ahkam as-Sultaniyya, ameweka mlango mzima juu ya muhtasibu, yaani ofisa wa serikali anayezunguka masokoni na bandarini kusimamia maslahi ya watu bila ya kungoja mtu aende kushitaki. Miongoni mwa kazi anazomtajia ni kuwazuia wenye vyombo vya majini wasipakie kupita uwezo wa chombo hadi kuhofiwa kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Mambo hayo yaliandikwa karibu miaka elfu moja kabla ya Spice Islander. Muhtasibu hakuwa kadhi. Kadhi hungoja wagombanao wafike mbele yake, ilhali muhtasibu kazi yake ni ya kabla, na akiifanya sawasawa basi hapana kesi, hapana maiti, wala hapana wa kumshukuru, kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Shemeji alitikisa kichwa, akasema, "Huyo alikuwa akienda bandarini. Huyu wangu yuko ofisini ana kompyuta."

Ni jibu la haki, na ndipo nilipomwachia binti mwenyewe aseme. Tangu hapo nikawa msikilizaji, na mengi ninayoyaandika hapa niliyapata mkekani pale au kwa kumuuliza baadaye.

Jambo la kwanza alilolieleza lilimhusu baba yake moja kwa moja, ingawa hakulitaja tukio. Alisema kuwa simu ya mkononi ni chombo cha kuongea na mtu mmoja. Anayezama humpigia mama yake, mkewe, kaka yake. Yaani humpigia anayempenda, na aghalabu huyo ndiye asiyeweza kumfikia. Redio ya meli ni kinyume chake. Chaneli 16 ya redio ya VHF, yenye masafa ya megahezi 156.8, imetengwa duniani kote kwa wito wa hatari baharini, na atakayesema humo husikiwa kwa pamoja na kila chombo kilicho karibu chenye redio iliyofunguliwa. Isitoshe, simu inategemea mnara, na mfumo wa kawaida wa GSM una ukomo wa kilomita 35 kutoka mnarani hata kama upepo umetulia na bahari ni shwari. Mkondo unaotenganisha Pemba na bara ni wa kilomita zipatazo 50. Wavuvi wetu wanajua vizuri wapi mtandao unakatika. Wana alama zao za milima na minazi kwa ajili hiyo, kama walivyo nazo za mwamba.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi: kwamba redio peke yake haiokoi, kinachookoa ni sheria inayomlazimisha mtu aisikilize. Akatoa mfano wa Titanic, meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912 na kupoteza watu zaidi ya 1,500. Kulikuwa na meli nyingine, Californian, isiyokuwa mbali. Ilikuwa na redio na mtu wa redio, ila alikuwa peke yake, na saa yake ya kazi ilipokwisha alizima chombo akalala. Hakuvunja sheria yoyote, kwa sababu haikuwapo sheria ya kumtaka mtu akeshe. Iliyosikia ni Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, na ikafika wengi wakiwa wamekwisha kufa kwa baridi ya maji. Mwaka huo huo Marekani ikatunga sheria ya redio, na mwaka 1914 mataifa yakakutana London yakaafikiana mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, ukiwamo ulinzi wa redio wa usiku na mchana. Na katika Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, chombo kilichoanzishwa tangu mwaka 1865, imo ibara inayosema kuwa mawasiliano ya kuokoa roho za watu, baharini, nchi kavu au angani, yatangulizwe mbele ya mengine yote.

"Mtu fulani aliiandika ibara hiyo, baba," alisema. "Alikaa ofisini akaiandika."

Baba yake hakujibu.

Hapa nataka niingize jambo la kwetu, kwani nililiingiza na pale. Katika kusi ya mwaka jana vijana wanne wa kijiji hiki walikwenda kuvua kwa boti ya mashine, wakawa hawakurudi Magharibi wala Isha. Mama wa mmoja wao alikuja msikitini. Nikawasha kipaza sauti nikatangaza, watu wakajaa uwanjani, na kila mmoja akatoa simu yake. Nilipiga namba moja ya dharura. Ilipokewa upesi, Alhamdulillahi, na aliyepokea alikuwa mtu mwenye adabu. Lakini aliuliza niko wilaya gani, nikamwambia. Akauliza boti iko wilaya gani. Sasa boti iliyopotea baharini iko wilaya gani? Nikapewa namba nyingine, na huko nikapewa ya tatu, na huyo wa tatu akaniambia nimpigie wa kwanza. Vijana wenyewe mashine iliwafia, mkondo ukawachukua, na asubuhi wakaonwa na wavuvi wengine waliokuwa dago. Walirudi wakiwa na kiu na midomo imepasuka kwa chumvi, wazima. Tuliomba dua ya shukurani na maisha yakaendelea. Ila namba zile tatu bado zimo ndani ya daftari langu, nimezichorea duara.

Mpwa wangu alipoisikia habari hii hakumlaumu yeyote, bali alianza kuhesabu kwa vidole. Posta na simu ni mambo ya Muungano, yamo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya mwaka 1977, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye sheria yake ya mwaka 2003, ikifuatiwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Hali ya hewa nayo ni ya Muungano, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ina sheria ya mwaka 2019. Lakini vyombo vya baharini hapa Visiwani vina Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Maafa yana Kamisheni yake ya Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 2015. Wanaotoka na boti kwenda kuokoa, aghalabu ni KMKM. Kila mmoja ana sheria yake na mipaka yake, na hakuna aliye mwovu. Lakini wito wa mtu anayezama hauna mpaka, unapita juu ya yote hayo kwa pumzi moja.

"Kazi yangu, mjomba, ni pale panapounganishwa," alisema. "Kwamba wa kwanza kupokea asimwambie mtu piga kwingine. Yeye ndiye apige, na anayeomba abaki kwenye simu. Ni sentensi moja tu. Lakini ili iwe kanuni, wanasheria wa ofisi nne au tano lazima waikubali, na kila mmoja anauliza, je, ikishindikana atakayeulizwa ni nani?"

Nilimwuliza sentensi hiyo imechukua muda gani. Akacheka, akasema ameikuta ilipo na anaogopa ataiacha ilipo.

Kwa wale watakaoona kuwa hayo ni mambo madogo, kuna kisa cha Marekani alichonisimulia baadaye tulipokuwa tukienda kwa bibi yake. Mwezi Desemba 2013, katika mji wa Marshall, jimbo la Texas, mwanamke aitwaye Kari Hunt alishambuliwa na mumewe waliyekuwa wametengana, ndani ya chumba cha hoteli. Binti yao wa miaka tisa alifanya kama alivyofundishwa: alichukua simu ya chumbani akapiga 911, namba ya dharura ya nchi ile. Haikwenda. Akapiga tena, na tena, na mara ya nne. Simu za hoteli ile zilitaka mtu abonyeze 9 kwanza ili apate laini ya nje, na mtoto hakulijua hilo. Mama yake alifariki. Babu wa mtoto akashika njia ya kudai sheria ibadilishwe, na tarehe 16 Februari 2018 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima inayobeba jina la marehemu, kwamba simu za majengo kama hayo zipige 911 moja kwa moja. Miaka minne na zaidi, kwa ajili ya tarakimu moja. Baada ya sheria kupita walibaki wanasheria wa serikali kuandika kanuni: majengo gani, simu za aina gani, kuanzia lini, na asiyetii afanywe nini.

Nawaomba wazazi wanaosoma ukurasa huu watue hapa kidogo. Mtoto yule alifundishwa namba. Wangu mimi, mpaka siku ile, wakijua surah nyingi kwa moyo, Allah awazidishie, na 112 hawaijui. Wala wa majirani zangu. Sasa wameifundishwa, pamoja na 114 ya zimamoto, na wameambiwa pia kuwa si ya kuchezea, kwa sababu anayepiga kwa mzaha huikalia laini ambayo huenda mtu mwingine anaihitaji kwa roho yake.

Tukarudi kwenye hoja ya tatu. Hii sikuweza kuipitia haraka, na sidhani kuwa mwandishi mwaminifu katika gazeti la Waislamu anaweza kuipitia haraka. Watu wetu wana sababu zao za kuogopa sikio la serikali. Sote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, zoezi lililofikia kikomo chake mwezi Januari 2020, na wapo walioapa kuwa lengo ni kufuatwa. Na katika Suratul Hujurat tumekatazwa kupelelezana. Shemeji alikuwa amemsomea mwanawe aya hiyo kabla mimi sijafika.

Binti hakulipuuza. Alisema kuwa hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika kazi yake, na kwamba yeye na wakubwa zake hawakubaliani katika kila kipengele. Mtu aliyepotea baharini, lau mtandao utaeleza mnara wa mwisho uliomwona, uokoaji huanzia hapo badala ya kuanzia kila mahali. Lakini uwezo ule ule unaoonyesha alipo anayezama unaweza kuonyesha alipo asiyetaka kuonekana. Sheria ya 2010 inawafunga wenye mitandao watunze siri za wateja wao. Basi ukiandika kanuni ya kufungua mlango huo kwa dharura, lazima uandike na kitasa chake: nani afungue, kwa wito wa nani, kwa muda gani, na iandikwe wapi kuwa ulifunguliwa. Msimamo wake ni kwamba aliyepiga namba ya dharura mwenyewe ameomba atafutwe, na huyo hana shaka. Shaka iko kwa yule ambaye watu wengine wanadai anatafutwa kwa ajili ya kuokolewa.

"Mimi nikiondoka, baba, mlango hautabaki bila kuandikwa," alisema. "Ataandika mwingine. Pengine ataandika mlango akasahau kitasa."

Nilipotakiwa neno langu, nilisema maneno machache. Nilisema kuwa kulinda nafsi ni katika yale mambo matano ambayo wanazuoni wetu, al-Ghazali na ash-Shatibi miongoni mwao, wameyaweka kuwa ni makusudio ya sharia, na kwamba sioni tofauti kubwa kati ya anayemvuta mtu majini na anayehakikisha kuwa mvutaji amesikia. Nilisema pia, na dada yangu alinikazia macho, kuwa paa la nyumba ni haki ya wazazi na lisifanywe jambo dogo kwa kisingizio cha kheri ya umma. Tukakubaliana ndugu kuwa tutachangia mabati kwa awamu, na mimi nikaahidi ya chumba kimoja. Binti asiachiwe mzigo peke yake, wala asitumiwe kama mnada. Zaidi ya hapo sikuwa na la kusema. Nahodha bado alikuwa kimya.

Ilikuwa baada ya Isha, tulipokwisha kula, ndipo alipomwambia mwanawe amletee hiyo karatasi anayoiandika. Alileta rasimu iliyokwisha kutolewa ili wadau watoe maoni, kwa hiyo haikuwa siri. Macho ya shemeji hayasomi tena usiku, basi mpwa wangu akamsomea kwa mwanga wa simu. Alifika kipengele kinachosema kuwa nahodha wa chombo kidogo atatoa taarifa ya safari yake kabla ya kuondoka bandarini.

"Rudia," akasema mzee.

Akarudia.

"Bandarini? Nani kati yetu anaondokea bandarini? Tangu nizaliwe sijaondokea bandarini kwenda kuvua. Tunaondokea dikoni. Ukiandika bandari, hakuna mvuvi hata mmoja wa kisiwa hiki aliyemo humu."

Binti alinyamaza. Kisha akatoa kalamu, akaandika pembeni: bandari au diko. Mzee akamwambia aendelee kusoma. Walifika kipengele cha redio, akauliza betri yake itachajiwa na nini mtu akiwa dago siku kumi. Wakafika cha tahadhari za upepo, akasema zisitumwe asubuhi, kwa kuwa anayevua usiku hushuka pwani Alasiri. Saa nne na nusu dada yangu akatoka akauliza kama tunakusudia kulala. Karatasi ilikuwa imejaa wino pembeni kote.

Kampuni ya Dar es Salaam inataka jibu kabla ya mwezi kwisha, na mpaka ninapoandika haya mzee hajatamka ndiyo wala hapana. Binti amesharejea Unguja kwa boti ya Jumapili. Jana shemeji alinipitia msikitini baada ya Adhuhuri, akaniuliza kama ninajua mkutano wa maoni kwa upande wa Wete utakuwa lini, na kama mtu asiye na barua ya mwaliko huruhusiwa kuingia.